Kitu Anachopenda Maryanne

Jumatatu, 3 Machi 2003
Mwalimu Lucy, wa darasa la watoto wenye mahitaji maalum, atampokea Maryanne wetu wiki ijayo, mradi ajue kuvaa viatu mwenyewe. Mwalimu hana msaidizi wa kuwavalisha. Maryanne ana miaka minane, haongei, na viatu anavichukia kama dawa ya minyoo. Mwalimu anasema kila mtoto ana kitu anachopenda. Tukijue, tukitumie. Kazi ndogo. Nimenunua biskuti pakiti nne. Nikamwonyesha biskuti, nikamwonyesha kiatu. Akachukua biskuti, akawapa kuku wa Mumbi, mwenye ploti tunayopanga. Kuku sasa wananifuata hadi chooni.

Jumanne, 4 Machi
Mumbi amesikia. Anasema amelea sita, na kabla ya Ijumaa atakuwa amekijua hicho kitu. Sawa. Ni mashindano. Nimeleta gari la betri, lenye king'ora. Maryanne akaziba masikio, akaingia chini ya meza. Gari zuri sana. Mke wangu Dolphine ameniomba nilizime nije nile.

Jumatano, 5 Machi
Mumbi alileta mwanasesere. Maryanne akamgeuza, uso ukutani. Nilisikitika, lakini si sana. Mbinu mpya: nikavaa na kuvua viatu vyangu mara kumi na mbili, nikitabasamu, ili aige. Hakuiga. Nimefika kazini Athi River nimechelewa, soksi moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa naoga. Dolphine akaniita kwa sauti ya chini. Nikatoka na taulo. Maryanne ameketi mlangoni, ulimi nje, anavaa viatu! Cha kulia kushoto, cha kushoto kulia, lakini vyote viwili. Jirani yetu Simel alikuwa anapita na mbuzi wake. Maryanne akaenda moja kwa moja hadi kwenye geti, akainamisha kichwa. Simel akamwekea kiganja utosini, kama Wamaasai wanavyosalimia watoto.

"Takwenya," akasema Simel, akimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu Maryanne, kama salamu hiyo inavyoitikiwa.

Mtoto asiyeongea. Dolphine alilia. Mimi pia, sabuni machoni. Kumbe jana asubuhi Dolphine alimbeba hadi getini, Simel akipita na mbuzi akamsalimia hivyo, mtoto akacheka mchana kutwa. Leo Dolphine akamwambia: nje kuna miiba, viatu kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Amevaa tena. Mwalimu Lucy amekuja, ameona, ameufunza mkono wake ile salamu. Maryanne akamwinamia naye. Akasema aje Jumatatu. Mumbi ametupikia chapati, ingawa anadai mwanasesere ndiye aliyefungua njia. Niko na furaha, sikubishana.

Jumamosi, 8 Machi
Dolphine anasema jambo liko wazi: mtoto anapenda kusalimiwa kama watu wengine. Ni ule mkono utosini. Nimemsikiliza kwa heshima. Lakini nani alikuwa pale asubuhi zote mbili, na hakuna aliyemtaja? Mbuzi. Nimeenda Bisil sokoni, nimerudi na beberu mweusi, mwenye afya. Maryanne hajamtazama hata mara moja.

Nadhani shida ni rangi. Wiki ijayo nitaenda kumbadilisha, nichukue mweupe.