Mrithi wa Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Baba ametangaza kwenye chai ya asubuhi kwamba akifa hataacha kitu. Amesema hivyo huku akichovya mkate, kama mtu anayetoa habari za mvua. Mkate huuchovya kila siku. Meno yalimwisha zamani.

Kijiko kimeniponyoka. Nina miaka sitini na mbili. Nimekuwa mrithi tangu utotoni. Kazi nyingine zote, pamoja na ule ukarani wa maktaba, zilikuwa za kupitisha muda. Na urithi wenyewe si wa kutisha. Chumba cha mbele anachonyolea watu, na kiti chake cha chuma na ngozi, kinachopanda ukikanyaga pedali. Tulipokimbia kwetu, Baba aliacha kila kitu akakisukuma kiti hicho kwa mkokoteni. Mimi nilikaa juu yake. Ukifuata haki, nimeshakikalia.

Dada yangu, mkunga mstaafu, amemuunga mkono. Eti mzazi akishakulea na kukusomesha, mmemalizana. Baba akamalizia kwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nikamkumbusha kwamba methali inasema ndugu, haisemi baba. Akaomba chai nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: huruma. Nimevaa shati lililochanika kwapani, nikapita mbele yake mara kadhaa nikiinua mkono kuchukua vitu vya rafuni ambavyo sikuvihitaji.

Amenipa sindano na uzi.

Dada amemletea supu. Supu tena! Yule mwanamke anasema hataki urithi huku akichuja mifupa kwa kitambaa. Simwamini hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili: ufundi. Kinyozi gani ataviacha vyombo vyake vikiwa yatima ilhali mwanawe anajua kunyoa? Basi sharti nijue kunyoa. Nimesoma vya kutosha juu ya jambo hili. Nilimwomba Baba akae kitini nimhudumie, mbele ya wateja, wapate kuona.

Povu la sabuni nililipiga vizuri. Hilo hata Dada amekiri.

Kisha nikakanyaga pedali ili nimpandishe kidogo, wembe ukiwa hewani. Kiti kikapanda zaidi kuliko nilivyokusudia. Unyusi wake wa kulia sasa ni nusu.

Baba amejitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Akasema sasa anafanana na mtu aliyepata habari ya kushangaza, lakini akaiamini nusu tu. Wateja wamecheka hadi mmoja akatoka nje. Dada amempaka dawa. Kazi yake kupaka dawa.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka, nikamuuliza wazi. Je, mzazi halazimiki kuwaachia wanawe chochote?

Alikuwa akifuta mikono ya kile kiti kwa mafuta. Hakuinua kichwa.

"Babu yako alikula maharagwe maisha yake yote ili mimi nirithi nyumba," alisema. "Leo wanalala humo wajukuu wa watu wengine. Mimi nilirithi miguu ya kukimbilia. Na wewe nimekupa. Unataka nini tena, mwanangu?"

Nyumba ile naikumbuka. Mlango wa uani ulikuwa umelegea bawaba, ilibidi uuinue kidogo ndipo ufunguke. Hata leo nikishika mlango wowote, mkono wangu unainua kwanza. Nilidhani ni mimi peke yangu. Kisha Baba akaenda msalani, nikamwona anainua.

Nilikaribia kumwelewa.

Baada ya chakula nikagundua kosa katika hoja yake. Nyumba haibebeki. Kiti kinabebeka! Hoja imeanguka.

Jumanne, 11 Machi

Ameuza.

Chumba na kiti, vyote, kwa yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara ambaye miaka yote Baba amekuwa akimwita Wembe Butu. Sikuulizwa. Wanaume wanne wamekuja kukichukua kiti. Baba akasema anataka kukikalia mara ya mwisho, akakaa, nao wakamnyanyua hivyo hivyo. Amevuka barabara kitini, magari yamesimama, yeye na nusu ya unyusi wake akiwapungia watu mkono kama sultani.

Nilimfuata nyuma nimebeba kioo. Hakuna aliyenipungia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejua urithi umekwenda wapi. Baba na Dada wamerudi kutoka kwa fundi wa meno. Ana meno! Juu na chini, meupe kama vigae vya bafuni. Dada alijua tangu mwanzo, ndiyo maana ya zile supu: fizi zilikuwa zikiandaliwa.

Baba amekula nyama ya kuchoma. Hakuwa amekula nyama tangu Mama alipofariki, na sisi tulidhani ni huzuni. Kumbe sehemu ya huzuni hiyo ilikuwa meno. Amekula karanga. Amekula ganda la mkate. Dada analia kwa furaha. Nami nimekaa mbele yake, nausikiliza urithi wangu ukitafuna.

Jumatatu, 17 Machi

Binti yangu amekuja. Amefagia bila kuombwa, dalili mbaya. Kisha akapitisha kitambaa kwenye kabati langu la vitabu, polepole, akauliza kwa adabu nimepanga nini kulihusu.

Nimemweleza kwa kirefu kwamba mzazi hana deni kwa mtoto. Nimemlea, nimemsomesha, nimempa miguu. Nikamalizia: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

"Lakini Baba, wewe si ndugu yangu," alisema.

Sijui ujeuri huu ameutoa wapi.

Baada ya chakula cha mchana Baba amelala kidogo. Meno huyaweka kwenye glasi ya maji, juu ya meza yangu ya kuandikia. Yalikuwa yakinitazama. Nimeangalia mlangoni: Dada hayupo.

Nimeyajaribu. Yananibana upande wa kushoto.

Yatalegea.