Namtoa Malkia

Jumatatu, 13 Novemba 1978, Bisibo

Nimepata! Padri alipohama aliniachia sataranji na gazeti kuukuu la mafumbo yake. Fumbo la leo: mweupe anamtoa malkia wake makusudi, mweusi anamla kwa uroho, halafu mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Kwisha! Nimeruka mpaka nikamwaga uji.

Mimi nataka kumwoa Melania. Baba yake, Mzee Ildefonce, anataka ng'ombe sita. Redio inasema nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Mimi nia na sababu ninazo. Ng'ombe sina hata mkia. Malongo, yule Msukuma wa ng'ambo ya mto, ana zizi zima, na kuniazima kakataa. Basi, namtoa malkia. Melania aende kumsaidia mama yake Malongo, aliyeteguka mguu. Malongo atalainika tu.

Jumatano, 15 Novemba

Melania kaniuliza kama nina akili timamu, kumtuma mchumba kwa mwanamume asiye na mke. Nikamjibu kwamba yeye ni malkia. Akaniangalia, akajifunga kanga, akaenda.

Mwenyekiti wa kijiji kapita dukani kwangu, kaona ubao. Wafalme ndani ya kijiji cha ujamaa? Kaamuru mfalme aitwe Mwenyekiti. Kila Mwenyekiti alipokwama ubaoni, yeye alikohoa.

Jumatatu, 20 Novemba

Melania anarudi jioni akicheka peke yake. Anaamkia watu kwa Kisukuma! Mama Speciosa, aliyekuja kununua chumvi, kasema nimempa fisi bucha alinde. Hajui sataranji huyu.

Alhamisi, 23 Novemba

Lo! Malongo kaja mwenyewe! Kaomba nimsaidie kuswaga ng'ombe sita mpaka kwa Mzee Ildefonce, mahari ya Melania. Nusura nilie kwa furaha. Nimefunga duka, nimeswaga. Dume limenikanyaga kidole, ndara imebaki topeni. Sikujali.

Mzee kaitikia shikamoo yangu, kakagua ng'ombe, kisha kamkalisha Malongo kitini, kamwita mkwe. Mimi nikapewa maziwa nje, pamoja na wachungaji. Mkwe! Nikadhani macho ya mzee yamechoka, nikamsahihisha. Melania akatoka, akasema mbele ya wote kwamba ni mimi, Anatoli, niliyempeleka kule kwa hiari yangu, na ananishukuru sana.

Salaale! Nikakaa pale pale, juu ya mavi mabichi ya mahari yangu.

Jumapili, 26 Novemba

Nimelia tangu Alhamisi. Nampenda yule binti, jamani! Nimelirudia fumbo. Halina kosa. Kosa ni la Malongo. Angejua sataranji, angeshindwa.

Jumamosi, 2 Desemba

Harusi imepita. Kwa Malongo ndugu zake wamejaa mpaka zizini, maharusi hawana pa kulala. Na ukurasa unaofuata una fumbo zuri kuliko lile! Mweupe anaitoa ngome yake, mweusi anaingia kichwa kichwa, kwisha habari yake.

Nimewapa nyumba yangu. Melania kasita, kauliza kama nina hakika. Nikawaambia waingie tu. Wamefunga mlango kwa komeo.

Naandika nikiwa barazani. Mvua inanipiga. Namngoja Malongo akosee.