Bangili Yenye Nyoka

Jumatatu, 3 Novemba

Leo uchochoroni nyuma ya soko la samaki nimekutana na mkokoteni, na tumepita sote wawili. Mwaka jana mmoja wetu angerudi nyuma, na kwa kawaida ulikuwa ukirudi mkokoteni.

Mahfudha amezikata kanzu zangu za zamani. Moja imetoa foronya nne na kitambaa cha meza. Mke huyu hana staha.

Barazani wananiuliza siri ya kukonda. Nimewaambia ni funga ya Jumatatu na Alhamisi, na kuitia nafsi hatamu. Si uongo wote. Jumatatu na Alhamisi zipo. Kuhusu yule daktari aliyenipasua na kuniachia tumbo la kadiri ya kikombe cha kahawa, hakuna aliyeniuliza. Wanajua nilikwenda Nairobi kumtazama binti yangu Mahira. Nilimtazama kweli, nikiwa kitandani.

Zakariya hakuuliza. Zakariya ni mwenzangu tangu chuo cha Kurani. Tulichapwa na mwalimu mmoja kwa kiboko kimoja. Sasa mnene wa baraza amebaki yeye peke yake. Kasema mimi nimekuwa kama mwavuli uliofungwa. Wivu.

Jumanne, 4 Novemba

Kliniki. Sista Mutanu, Mkamba mpole mwenye macho ya askari wa forodha, kanivisha bangili ya chuma. Ina kibao. Upande mmoja nyoka amejizungusha kwenye kijiti, upande wa pili Kizungu. Kizungu mimi nakisoma vizuri. Kukielewa ni kazi ya wengine. Kanifasiria: huyu amekatwa tumbo, asipewe brufeni wala aspirini, asipitishwe mpira puani kwa kubahatisha, na vitamu humwangusha. Nikizimia njiani, hata asiyenijua atajua la kufanya na la kuacha. Isinitoke mkononi, kasema, na mimi na halwa tumeshaagana.

Nikamwambia, mwanangu, mwanamume wa Mji wa Kale havai bangili. Akaniuliza kama mwanamume wa Mji wa Kale havai sanda.

Nimeivaa. Mkono wa kanzu ni mrefu.

Jumatano, 5 Novemba

Nilisahau udhu! Umri wote huu natawadha, nikasahau kwamba mkono huoshwa hadi kiwiko. Nimekunja kanzu pale kwenye mifereji, na Zakariya yuko kando yangu. Kwanza kaona bangili. Kaniuliza kwa adabu kubwa bwana harusi anatoka mtaa gani, na kama hina nitatiwa hadi miguuni. Kisha kamwona nyoka. Hapo hakucheka. Kaomba kinga kwa Mola, akahamia mfereji wa mwisho.

Kufika magharibi mtaa mzima una habari. Ati Muhdhar, yaani mimi, hafungi lolote. Ana jini, na jini ndiye anayemla kwa ndani. Jirani yetu Mwanakuu kamwuliza Mahfudha iwapo analala salama. Mahfudha kajibu kuwa jini angekuwepo, angemsaidia kufua.

Jina langu liko hatarini. Mtu aliyeishinda nafsi yake hawezi kuonekana na bangili, wala na nyoka, seuze vyote viwili.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata dawa. Bangili nimeivua mkononi nikaivisha bakora yangu, chini kidogo ya mshiko. Mzee na bakora yake hawaachani. Ni mkono vilevile, ila huu hautawadhi.

Barazani nimesema ni nakshi ya Maskati na nyoka ni alama ya watu wakubwa. Wameipitisha mkono kwa mkono. Habari za jini zimekufa papo hapo. Zakariya naye kaipapasa. Bakora zetu ni pacha, tulizinunua siku moja kwa Jefwa mchongaji, nje ya Ngome ya Yesu, na nilimwona anavyoitazama yake isiyo na kitu. Raha iliyoje.

Mahfudha kasema bakora haiugui. Mambo ya ufundi hayamwingii.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala nilitoka mbio, Zakariya asiwahi kunisema mlangoni. Bakora huegemezwa pale pamoja na viatu. Nikanyakua yangu, nikaondoka kwa mwendo wa kijana. Nyumbani naitazama, haina kitu. Ni ya Zakariya! Yangu anayo yeye, na bangili yake.

Mahfudha kasema niende nikaichukue, ni nyumba ya tatu tu. Nikisema nini? Nikiidai kwa pupa, atajua ina jambo. Nikikaa kimya, ataitembeza kwa maringo siku mbili tatu, kisha atairudisha. Mpango hauna ufa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mahfudha karudi na habari. Zakariya kagombana na Nasipwondi wa duka la dawa. Alikwenda kutaka brufeni ya goti, akaegemeza bakora kwenye kaunta. Binti akaitazama, akasema pole mzee, hizi hupewi, wewe umekatwa tumbo. Zakariya kajipiga tumbo kwa viganja viwili, likalia kama ngoma, akamwuliza lililokatwa ni lipi. Binti akashikilia kwamba bangili ndivyo inavyosema. Mzee karudi na goti lake.

Nimecheka hadi nikashika mlango. Mahfudha hakucheka. Kasema, baba Mahira, sasa anajua. Nimemwambia Zakariya si mtu wa kujumlisha mambo.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimelala.

Nikaha ya mtoto wa Abdulhalim, msikitini, baada ya alasiri. Nilivaa joho. Watu wananionyesha kwa vidole: huyo ndiye aliyeishinda nafsi. Kisha sinia ya halwa ikapita. Nyeusi, inang'aa, ina lozi, na bado ina uvuguvugu. Nikaiacha ipite. Mtu nyuma yangu akasema, tazama, mzee anaiogopa.

Nani anaogopa? Nikasema nafsi yangu ni punda wangu, nampeleka nitakako. Nikakata kipande. Kikubwa, ili waone. Kisha kingine, kwa wale ambao hawakuona.

Haukupita muda nikatota jasho. Moyo ukaenda kama mashine ya kusaga. Nikaona mabwana harusi wawili. Nikamwangukia Abdulhalim mapajani.

Na hapo ndipo funga yangu iliponirudi. Wakasema ni njaa! Mzee amezidisha kufunga, mwili hauna kitu, mpeni tamu upesi. Mmoja kaja na sharubati, mmoja ananifungua kinywa, mmoja ana donge la halwa kama ngumi. Nataka kuwaambia siyo. Ulimi hauji. Nikautazama mkono wangu, mtupu. Nikawaza, Muhdhar, utazikwa na watu wema.

Ndipo nikasikia sauti nene ya Zakariya. Mwacheni. Asitiwe kitu kinywani. Akawapangua kwa bakora yangu, akainyanyua juu, akamwaga yote mbele ya msikiti mzima: huyu hafungi, amekatwa tumbo, tamu ndiyo iliyomwangusha, imeandikwa hapa na Nasipwondi amenisomea mara mbili. Mlazeni. Mpepeeni. Ajaye na halwa nitampiga.

Wakanilaza. Ikaniachia polepole. Nilipofungua macho, uso wa karibu ulikuwa wa Zakariya, na ulikuwa umelowa. Kaninong'oneza kuwa punda ni mimi. Kisha kasema, "Ungekufa, yakhe, ningemtukana nani?"

Bakora ya watu sikumrudishia. Nilisahau.

Jumanne, 11 Novemba

Jana Sista Mutanu kanivisha tena kwa mkono wake bangili aliyonirudishia Zakariya, akaikaza. Alinikaripia hadi wagonjwa wengine wakaniombea msamaha.

Nilidhani leo nitaona haya. Haya ya nini? Baraza limejaa. Kila mtu anataka kumshika nyoka. Wazee wawili wameniuliza kando kliniki iko wapi. Wa tatu ni Zakariya, lakini yeye anamwulizia binamu yake wa Lamu. Binamu huyo ana goti bovu, na akikaa kitini kinalia. Nimeahidi kumpeleka binamu mwenyewe, kwa mkono wangu, na njia nzima nitamwita bi harusi.

Sasa naivaa juu ya mkono wa kanzu, ionekane. Wa kwanza Mji wa Kale ni mimi, wengine watafuata. Nao nimewaeleza jinsi ilivyo. Nilipoivua, nilianguka. Siku zote nilizoivaa, sikuanguka. Basi hiyo ni kinga. Mahfudha kasema haikingi kitu, inawaambia watu tu. Tofauti yenyewe ndogo.

Kesho ni karamu ya walima kwa Abdulhalim. Kutakuwa na halwa, ile ile ya lozi. Nimemwambia Zakariya akae kando yangu. Bangili ninayo, na msomaji ninaye. Kipande kidogo tu.