Herufi Zangu Zenye Mikia

Jumatatu, 3 Machi

Jiji linatafuta mwandiko wake. Yaani herufi zake lenyewe, A mpaka Z, za kuandikia kila bango: barabara, zahanati, soko, hata choo cha stendi. Nimelisoma tangazo ukutani, mwanangu mdogo yuko mgongoni anatafuna ukosi wa gauni langu.

Mshindi atapewa chumba kwenye jengo la jiji. Chumba chenye mlango. Mlango wenye ufunguo. Sikusoma zaidi ya hapo.

Mimi ni mchora mabango tangu kabla sijaolewa. Siku hizi nachorea jikoni, kati ya sufuria na beseni la nepi. Jana mkubwa alikanyaga rangi nyekundu akatembea nayo mpaka kitandani kwetu. Nikamwosha miguu, nikaibusu, nikamwambia akirudia atalala na ndoo. Nahitaji ule mlango.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Kila herufi nimeipa mkia. Uzuri wa kitu ni mkia, muulize jogoo.

Mama mkwe kaitazama R yangu, kasema inampiga jirani yake teke. Nikamwambia ndiyo sanaa hiyo, mama. Akasema sawa mwanangu, ila jirani atavunjika.

Mshindani wangu ni Rula. Tulifundishwa kazi na fundi mmoja. Jina hilo alipewa kwa sababu hata kivuli chake kimenyooka. Anachorea kwenye kompyuta. Nimepita dukani kwake nikachungulia: herufi zimesimama kama wanafunzi siku ya ukaguzi, hazina mkia hata wa dawa. Akanisalimia, akauliza hali ya watoto, mmoja mmoja. Mtu wa hila sana.

Alhamisi, 6 Machi

Shindano litakuwa hivi. Mbao mbili mbele ya jengo la jiji, mmoja wangu, mmoja wa Rula, zote zimeandikwa "Karibu, jiji ni letu sote". Wananchi watasimama mbali, kwenye mstari wa chokaa. Kila mtu atachagua ubao mmoja na kuusoma kwa sauti. Unaosomeka vizuri ndio mshindi.

Nimefanya majaribio. Nimebandika karatasi ukutani, nikamsimamisha baba watoto mlangoni. Akakaza macho. Akainamisha kichwa. Akauliza hao kuku ni wa nani. Mume wangu huyo, ninayempikia.

Nipunguze mikia? Hapana. Tatizo ni wasomaji.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango umepatikana. Mama mkwe kusoma anajua, ila kuona ndiyo shida. Miwani anayo, imo sandukuni, anasema inamzeesha. Basi nimemkaririsha ile sentensi. Atasoma bila miwani, kamati ibaki mdomo wazi. Amekubali upesi, maana naye anataka jiko lake lirudi.

Ubao wangu umepangiwa kushoto. Nimemwambia mama, nenda kushoto, hata wakikuita kulia. Akasema mimi nimezaa saba, mwanangu, kushoto nakujua.

Kufikia jioni mkubwa naye anaiimba ile sentensi, na mdogo anapiga makofi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika mapema. Jua lilikuwa linaupiga ubao wa kushoto, rangi inang'aa kama sufuria mpya, herufi hazionekani kabisa. Nikamwendea Rula kwa sauti ya upole. Nikamwambia mtoto anaumwa na jua upande ule, kama hatajali tubadilishane. Mdogo alikuwa amelala mgongoni, kafunikwa gubigubi. Rula akakubali papo hapo, akabeba mbao zote mbili mwenyewe. Mjinga.

Nilifurahi sana. Nilikuwa bado nafurahi muuza magazeti aliposimama kusoma ubao wangu. Akasema "Karibu", akakwama, akaomba asogee. Akasogea. Akaomba tena. Mwisho alikuwa anaupapasa kwa vidole.

Ndipo akaitwa mama mkwe. Alikuja na gauni lake la harusi za watu. Akakata kushoto kama askari. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akageuka, mbele ya kamati nzima, akaniambia ninywe maji.

Hakusimama hata kwenye mstari. Alirudi nyuma, kwa madaha, akaisoma sentensi yote bila kukwama. Afisa wa jiji akamuuliza miwani yake iko wapi. Sandukuni, akasema. Kamati ikasimama kupiga makofi. Afisa akasema herufi anazozisoma bibi asiye na miwani, tena kutoka kule, ndizo jiji linazozitaka.

Rula alilia. Alimkumbatia mama mkwe wangu.

Njiani mama mkwe akaniuliza ufunguo tunapewa lini. Nikamweleza. Tulipofika mlangoni akasema yeye hana kosa, kushoto hakukuhama.

Nimelia kidogo jikoni. Mdogo akanipangusa kwa soksi yake.

Jumanne, 11 Machi

Rula kaja nyumbani na matunda ya watoto. Anasema kompyuta inajua kuchora herufi lakini haijui kupanda ngazi. Jiji linataka mtu wa kuzipaka ukutani, naye akishika brashi mkono unatetemeka. Amemtajia afisa jina langu. Kuna stoo ya rangi jirani na chumba chake, naweza kuitumia.

Nikauliza kama ina mlango. Inao. Ufunguo ulipotea zamani, ila komeo la ndani lipo.

Nimekubali kabla hajamaliza kumenya chungwa. Bado namshuku.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ya kwanza, ukuta wa zahanati. Jina limeandikwa mara mbili, kushoto na kulia kwa mlango. Nimezipaka herufi za Rula kama zilivyo, zimenyooka, zinatia usingizi. Ila ile ya mwisho, upande wa kulia, nimeipa mkia. Mdogo tu. Ukuta ujao nitaongeza mwingine. Haba na haba. Mwaka ukiisha jiji zima litakuwa langu na hakuna atakayeshtuka.

Afisa anakuja kukagua kesho asubuhi. Nimemwomba mama mkwe apite pale, kama kwa bahati, ausifu ule mkia. Akauliza upande gani. Nikamwambia kulia, mama, kulia tu. Akaniapisha kabisa safari hii.

Sasa nimekumbuka kwamba asubuhi jua linapiga kulia, mkia hautaonekana. Nitawahi kesho niufute, niuchore kushoto.