Uzinduzi wa Chumba cha Midomo Mikavu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, na makaimu wa waliosafiri. Madaktari, wauguzi, nanyi ndugu zangu mnaotumia dawa za sonona, hamjambo? (Hatujambo! Mmoja anapiga miayo.)

Leo tunazindua Chumba cha Ushauri wa Maudhi ya Dawa, mradi shirikishi, endelevu na wa kidijitali, niliobuni mimi katika semina elekezi iliyokuwa na chakula kizuri sana, ambapo tuliafikiana kwamba mdomo mkavu, kichefuchefu na usingizi wa mchana ni changamoto mtambuka, na utafiti wetu umethibitisha kuwa asilimia mia moja na nne ya wagonjwa wameridhika. (Makofi, meza kuu tu.) Naona hata sasa wengi mmefumba macho kutafakari. (Mkoromo.)

Nani huyo amesimama? Aa, dalali wa mnada. Sema, ndugu yangu, kwa kifupi.

("Mheshimiwa, dawa hizi zimenirudisha kwa wanangu, nacheka nao tena. Ila mdomo unakauka! Juzi ulimi uligoma katikati ya mnada, kabati zima likaenda kwa bei ya stuli. Bosi kasema nikirudia, kazi sina. Nikiziacha dawa, lile giza litarudi. Nifanyeje?" Mkewe: "Mwambie, baba watoto!")

Swali zuri mno! Usiziache kiholela, ndugu. Nyuma ya mlango huu wa bluu yupo mshauri atakayekaa na daktari wako muone kama ibadilishwe dozi au saa ya kumeza. Fungua, usiogope! (Dalali anapapasa kitasa. Vidole vinatoka na rangi ya bluu. Kicheko.)

Taratibu, haijakauka! Ndugu wananchi, mdomo laini! (Mkoromo mwingine.) Mdomo laini, maendeleo makini! (Mmoja anakurupuka usingizini: "Nimo!")

Mwisho kabisa, namshukuru kwa dhati fundi rangi, aliyeuchora mlango huu ukutani kwa ustadi mpaka mimi mwenyewe asubuhi nilipiga hodi. Mshauri na chumba vitafuata bajeti ikiruhusu. Nawe dalali, vumilia, mate yapo kwenye mpango wa miaka mitano. Asanteni kwa kunisikiliza!

(Mkewe: "Twende kwa daktari aliyekuandikia, baba watoto. Huyu mwache aongee na ukuta wake." Wagonjwa wote wanainuka na kuwafuata.)