Nafasi za zambi zimeongezeka tangu Jean-Luc ahame

Bunia, Alhamisi

Kwa Baba Padiri Claude,

Yesu Kristu asifiwe. Ni miye Pétronille, mama ya Tina, ule mutoto aliyekuvuta mukanda siku ya Pasaka. Nakuandikia na heshima yote.

Ulisema hautabatiza Tina mupaka siye wazazi wake tufunge ndoa ya kanisa. Ukasema tena, kwa kungojea, Jean-Luc, baba ya Tina, ahame nyumba, kwa sababu mukristu anaepuka nafasi za zambi. Tulitii. Jean-Luc alibeba godoro yake, akaenda kwa kaka yake Willy, kule Mbunya. Lakini Baba, tangu siku ile nafasi za zambi zimeongezeka. Nazipanga hapa:

1. Zamani Jean-Luc alirudia amechoka, anakula, analala, anakoroma. Zambi iko wapi hapo? Sasa anakuja kusalimia mutoto na shati ya pasi, amenyoa, anang'aa mafuta. Jirani yangu Joëlle anapaza sauti juu ya ua wa lupango: «Mama Tina, huyu muchumba mupya ulimutoa wapi?»

2. Niliamua kukimbia macho yake. Lakini Tina iko na macho yale yale. Je, mutoto naye ahamie Mbunya?

3. Nilikimbilia kanisani. Jean-Luc ndiye anapiga ngoma misa ya pili. Nikaenda misa ya kwanza. Weye ukahamisha ngoma kwa misa ya kwanza.

4. Kila Jumamosi, kwa mafundisho ya ndoa, unatukalisha kwenye kiti kimoja cha mbao, bega kwa bega, unatueleza saa mbili nzima namna bwana na bibi wanapaswa kupendana. Unaeleza vizuri sana, Baba. Kisha unasema kila mutu arudie kwao!

5. Hata sala ya majuto. Nikifika pale pa kuahidi kuepuka nafasi za zambi, sura ya Jean-Luc inapita. Sasa nitubu kwa sala gani?

Kwa hiyo nimeona nafasi moja tu isiyokuwa na zambi: ndoa. Mafundisho yamebakiza miezi sita. Kanzu nyeupe ya Tina nilishona zamani, na kila mwezi nafungua upindo, sasa upindo umeisha. Naomba utufungishe Jumamosi ijayo, na Tina abatizwe palepale, angali anaingia ndani ya ile kanzu. Kama haiwezekani, basi utoe ngoma kanisani, utenganishe viti, na uniambie nifanye nini na macho ya mutoto.

Usalimie masista wote, katekista Donatien, na mama Adeline anayepanga maua.

Mutoto wako katika imani na katika majaribu,

Pétronille

N.B. Kama umeona barua iko safi, ni Jean-Luc alikuja kunisahihisha makosa. Mvua ikamufunga humu ndani. Ilianza Jumanne, mupaka leo haijaacha. Basi, siku ya kuandika Tina katika kitabu cha ubatizo, tafazali uache mustari mumoja wazi chini ya jina lake.