Koki Ninazozijua Mimi Tu

Jumatatu, 5 Mei
Jumuiya yetu ya maji imepata mwenyekiti mpya: Zuhura, mkulima wa karoti. Mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano! Amenipa shikamoo, halafu akataka nimwonyeshe koki zote za kufungia bomba, kutoka chanzo mlimani hadi zahanati. Eti fundi akiumwa, kijiji kisikose maji. Aumwe nani? Mimi, Mwinshehe? Koki zimefunikwa na udongo, ramani ninayo kichwani. Wakiijua wote, nani ataniita fundi?

Jumanne, 6 Mei
Nimempandisha kwa njia ndefu ili akate tamaa. Hakukata. Nikamwonyesha koki mbili za zamani, hazifungi kitu. Akaziandika kwenye daftari, akanishukuru. Nimeshuka napiga mluzi.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua kubwa. Nimeteleza kwenye ngazi ya tenki la maji la kijiji. Mguu umevimba, sikanyagi. Mke wangu Hidaya kanikanda. Kacheka kidogo.

Ijumaa, 9 Mei
Udongo umeporomoka, umekata bomba. Maji yote yanamwagika korongoni. Zahanati hakuna tone, na Pendo, binti wa jirani, yuko kwenye uchungu.
Mafundi wa kuunga wapo, ila lazima maji yafungwe kwanza. Zuhura kafunga zile koki mbili. Wapi! Kaja kwangu mbio, tope hadi magotini. Nilisubiri anifokee. Aliuliza tu, taratibu: "Kaka, ya kweli iko wapi?"
Nikamwambia. Nyuma ya migomba ya mzee Stambuli, chini ya jiwe jeupe. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 10 Mei
Pendo kajifungua salama, mtoto wa kike. Bomba lilikuwa bado halijaungwa. Wanawake walipanga mstari kutoka mtoni, wakapokezana ndoo mpaka zahanati. Hidaya alikuwemo. Amerudi mikono imechubuka, kanipakulia ugali, akaenda kulala. Heri angenifokea.

Jumatatu, 12 Mei
Nimechora ramani! Kwa kalamu za rangi, nimeipeleka mwenyewe kwa mkongojo. Zuhura kaibandika ukutani ofisini, wajumbe wakanipigia makofi. Machozi yalinilenga. Kweli nimebadilika.
Koki sita, zote mahali pake.
Ya saba sikuichora. Ni moja tu. Ile kubwa, ya tenki.